Benchi Linalotazama Barabara

Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, kijiji cha Kwemtindi kilikuwa na saa mbili. Ya kwanza ilikuwa king'ora cha kiwanda cha mkonge. Ya pili ilikuwa Nesi Agripina. Kila Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, alitoka kwenye baraza la zahanati akiwa na gauni lake jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akakohoa kidogo, na wajawazito waliokaa kwenye benchi wakanyamaza. King'ora kilinyamaza mwaka shamba lilipofungwa. Nesi Agripina hakunyamaza. Mpaka juzi, akiwa amebakiza miezi minane tu astaafu, bado alikuwa anatoka saa ile ile na kukohoa pale pale.

Alikuwa mtoto wa kambi. Baba yake, mzee Simeo, aliletwa na lori kutoka Ubena kuja kukata mkonge, akaahidi kurudi kwao mkataba ukiisha, akazikwa hapa hapa Korogwe. Agripina alikulia kwenye nyumba za mstari, mlango ukitazama mlango, akaenda chuo cha uuguzi, na mwaka 1997 akapangiwa zahanati ya kijiji chake mwenyewe. Wakati huo zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, meza moja na mizani. Wajawazito walikaa sakafuni, na wenye bahati walikalia matofali.

Aliyeona aibu ni mumewe, Fabiani, fundi seremala wa Mazinde, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Alinunua mbao za mvule, akazifanyia kazi jioni kwa jioni wiki mbili nzima. Agripina hadi leo akisikia harufu ya mbao iliyopigwa randa humrudia sura ya mumewe, jinsi alivyofunga mto tumboni kwa kanga na kukalia lile benchi kabla halijamalizika. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akishika kiuno na kuguna. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuulaza ubao wa kuegemea ili migongo ya wajawazito ipumzike. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, naye hakujali, akaulegeza ubao kidogo, akakaa tena na mto wake.

Ni Fabiani pia aliyechagua mahali pa kuliweka. Aliliweka mbele ya baraza, likitazama barabara, mkabala na gulio. Alisema mwanamke anayetoka kambini akiliona tangu darajani atapata nguvu ya kumalizia safari. Lilichukua watu wanane, kumi wakibanana. Fabiani alifariki mwaka 2011, kifua, na tangu hapo Agripina hakumruhusu mhudumu yeyote kulifuta benchi lile. Alilifuta mwenyewe, kwa kitambaa chake, kila Jumanne kabla jua halijachomoza vizuri. Sitaki kusema alikuwa anazungumza nalo, lakini wapo wanaosema.

Sasa kulikuwa na jambo moja lililomkera maisha yake yote ya kazi. Kwenye rejesta ya wajawazito kuna safu inayouliza mimba ina wiki ngapi mama anapohudhuria mara ya kwanza. Serikali inataka aje kabla ya wiki kumi na mbili. Safu ya Kwemtindi ilikuwa ishirini na nne, ishirini na nane, thelathini, ishirini na sita. Wanawake walikuja tumbo likiwa limeshawatangulia mlangoni. Wengine walikuja damu imekwisha mwilini, na wawili watatu walikuja wakati ambao hata hospitali ya wilaya haikuweza kitu. Hao Agripina aliwajua kwa majina na kwa siku walizozikwa.

Alifundisha mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia mficha uchi hazai. Na yule mmoja kwa mwaka aliyejitokeza mapema, akiwa na wiki kumi na mbili au kumi na nne, hakumwacha apite hivi hivi. Alimsimamisha mbele ya benchi, akamtaja jina, akasema, "Wamama, mwoneni mwenzenu, makofi ya kilo," nao wakapiga yale makofi ya pamoja, pa pa pa, hadi wauza nyanya gulioni wakageuka kutazama. Aliamini kabisa kwamba kumsifu mtu hadharani ni kuwavuta wengine. Nani angemlaumu? Hata shuleni ndivyo tulivyofanyiwa.

Basi ikaja barua kutoka wilayani. Wauguzi wa afya ya jamii wa Korogwe na Handeni waliitwa Manundu kujifunza kufanya utafiti, katika maeneo yao, juu ya matatizo yao. Agripina alicheka. Alisema utafiti ni kazi ya maprofesa, yeye amebakiza miezi minane akalime mihogo. Lakini usiku ule safu ya rejesta haikumwacha alale vizuri. Asubuhi aliweka daftari na miwani kwenye mkoba, akapanda basi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajavua lile gauni: ajue kwa nini wanakuja wakiwa wamechelewa. Asipojua safari hii, hatajua tena.

Mkufunzi alikuwa kijana mrefu aitwaye Godlisten, mpole, anayewaamkia shikamoo wauguzi wazee mmoja mmoja kabla ya kuwasha mashine yake ya kuonyeshea masomo ukutani. Siku ya kwanza aliwagawia karatasi yenye mistari juu na mistari chini, akawaomba waandike swali lao juu. Agripina alijaza juu na chini. Godlisten alipopita alisoma, akatabasamu, akamuuliza kule chini ameandika nini. Agripina akamjibu kwamba ni majibu: umbali, uzembe na waume. Godlisten akamwambia taratibu kwamba swali ambalo mtu tayari analo jibu lake si swali la utafiti, ni hotuba. Ukumbi ukacheka, naye akacheka nao, lakini alirudi kwenye kiti chake akiwa na neno lile kama mwiba wa mkonge kwenye kidole.

Alirudi Kwemtindi na dodoso lake. Kwa Jumanne tatu, pale pale kwenye benchi, ndani ya gauni lake jeupe, aliwahoji wanawake thelathini. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri wa chuo cha zamani. Alipompelekea Godlisten daftari alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyewahi kumaliza. Kijana alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano, akarudi wa kwanza. Wanawake wote thelathini walisema walichelewa kwa uzembe wao, ila wanafahamu kwamba mama mjamzito anatakiwa ahudhurie mapema ili apimwe damu, apimwe presha, apewe vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Wote, kwa mpangilio ule ule. Damu, presha, vidonge, chandarua.

"Mama," alisema Godlisten, "hawa wamefaulu mtihani. Utafiti bado haujaanza."

Agripina alilitazama daftari. Alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe mara thelathini. Kwanza, ukweli usemwe, aliona fahari kidogo, maana miaka ishirini na saba ya kufundisha haikuwa imemwagika chini. Fahari ile ilipita haraka. Alielewa kwamba wanawake wale walikuwa wamempa alichokuwa anataka kusikia, kwa heshima, kama mtu anavyompa mgeni kiti, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu.

Godlisten akapendekeza wabadilishane. Kwemtindi aende Edna, nesi wa zahanati moja ya Handeni vijijini, binti wa miaka thelathini na mmoja ambaye hakuna aliyemjua huko. Agripina aende kwa Edna. Wasivae sare. Wawafuate wanawake majumbani, jikoni, wasiandike jina la mtu, waandike namba tu. Na kabla ya kuuliza chochote wamwahidi kila mmoja kwamba atakachosema hakitamrudia, hakuna atakayejua ni yeye.

Wiki ile ya Handeni, Agripina huikumbuka kwa mapenzi. Alivaa kitenge na kandambili, akakaa kwenye vigoda vya Wazigua wasiojua kwamba yeye ni nani. Alimenyeshwa mihogo. Mama mmoja wa Kimaasai alimpa maziwa kwenye kibuyu, akamcheka alipokunja uso. Godlisten alikuwa amewafundisha kwamba mtu akinyamaza usimrukie na swali jingine, hesabu moja mpaka kumi moyoni. Agripina aliona kuzalisha mtoto aliyetanguliza makalio ni rahisi zaidi. Lakini alihesabu, na ilipofika saba au nane mara nyingi ndipo neno lenyewe lilipotoka. Alijiuliza ni maneno mangapi yamemezwa mbele yake miaka yote hii kwa kuwa yeye hakuwahi kufika hata tatu.

Walipatana na Edna wakutane Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana, ili wabadilishane madaftari. Walikaa kwenye mgahawa wa chai, nje wachuuzi wakikimbilia madirisha ya mabasi na machungwa. Agripina alitoa daftari lake mara moja. Edna aliagiza chai, akaagiza chapati, akauliza habari za nyumbani mara ya pili, akamsifu mama kwa kitenge chake. Daftari lake lilibaki kwenye mkoba.

"Edna mwanangu," alisema Agripina, "nimezalisha watu wengi. Mtu anayechelewesha habari mbaya namjua."

Ndipo Edna akalitoa. Agripina alivaa miwani akasoma pole pole, chai ikipoa. Umbali ulitajwa na watu wanne. Waume, watatu. Neno lililojirudia katika kurasa, likiwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu ya Edna bila kupigiwa mstari, lilikuwa benchi. Benchi la nesi liko barabarani. Ukikalia pale Jumanne, Jumatano kijiji kizima kinajua una mimba. Mimba changa haionyeshwi, ina husuda, na inaweza kutoka. Bora usubiri ishike, ionekane yenyewe, ndipo ukakae. Nesi ni mtu mwema, walisema karibu wote. Asiambiwe tu.

Kisha akafika kwa aliyehojiwa wa kumi na saba.

Huyo alisema zamani, akiwa msichana, alifuata maneno ya nesi, akaenda na mimba ya wiki kumi. Nesi alifurahi sana, akamsimamisha, akamtaja jina, akapigiwa makofi ya kilo. Wiki mbili baadaye mimba ikatoka. Kama ingekuwa siri, angelia na mama yake tu, yakaisha. Lakini makofi yalikuwa yamesikika mpaka gulioni, na kwa miezi mingi kila aliyekutana naye, kisimani na dukani, alimuuliza tumbo linaendeleaje, na ilimbidi aseme upya. Mimba iliyofuata alikwenda nayo ya miezi saba. Dada zake na mawifi zake wakajifunza kwake.

Agripina alivua miwani. Hakuhitaji jina. Wiki kumi ilikuwa imeandikwa mara moja tu katika rejesta zake zote, mwaka 2004, na mwandiko ulikuwa wake. Alikuwa Shida, binti aliyekaa ukingoni mwa benchi na ushungi wa kijani, akasimama akitetemeka alipoitwa, na yeye Agripina alidhani ni furaha.

Na jambo lililomuuma kuliko yote lilikuwa hili. Mimba yake mwenyewe ya kwanza, ya mwanawe Abraham, aliificha. Muuguzi kamili, mwenye cheti, alivaa magauni mapana mpaka mwezi wa tano, na mama mkwe wake kule Mazinde alimkataza hata kushika tumbo mbele za watu. Alilijua jambo hili kabla hajajua kuchoma sindano. Alilijua kama mwanamke, na kila alipovaa gauni jeupe alilisahau. Nyani haoni kundule, wazee wamesema, wala hawakumtaja nesi, lakini hawakumtoa pia.

Edna alikuwa anamtazama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama asihuzunike, kumi na saba wanaweza kuiacha. Watu ishirini na tisa wanatosha kabisa, na hakuna atakayeuliza.

Nadhani Agripina alihesabu mpaka kumi.

"Iandike," alisema. "Mimi nimewaandika wao miaka ishirini na saba. Na mimi niandikwe."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge mbele ya wauza machungwa, wala hakuona haya. Alichotaka ni kupanda gari siku ile ile, ashukie kwa Shida, apige magoti. Hilo ndilo hakuweza. Mwanamke yule alikuwa ameahidiwa kwamba neno lake halitamrudia. Kwenda kumwomba radhi kungekuwa kumwita jina hadharani kwa mara ya pili. Kwa hiyo utafiti, ambao ulimfunulia kosa lake, ndio huo huo uliomfunga mdomo asilitubu kwa aliyemkosea.

Mwezi uliofuata walisoma ripoti zao Manundu. Agripina alisoma yake kwa miwani iliyoteleza puani, bila haraka, na alipofika kwa wa kumi na saba hakubadili sauti. Alimaliza kwa kusema kwamba nesi anayesemwa humo ndiye anayesoma. Muuguzi mmoja wa Handeni aliyekaribia kustaafu naye akasema kwamba hata kwake benchi liko barabarani. Wa tatu akainua mkono. Mwishoni ukumbi ulitaka kumpigia Agripina makofi. Agripina aliinua kiganja akawaomba, tafadhali, wasipige.

Kulihamisha benchi kulimchukua wiki mbili zaidi, na si kwa sababu ya uzito. Kila alipotaka kumwita Mbaruku, mlinzi wa zahanati, walibebe, alimwona Fabiani na mto wake tumboni, akiwapungia mkono majirani wanaocheka. Mtu yule alitaka wanawake waone tangu darajani kwamba kuna mahali pao pa kupumzika. Hakukosea kwa ubaya. Wala yeye hakukosea kwa ubaya, na hilo halikumpunguzia kitu. Mwishowe alijiambia kwamba Fabiani alikuwa mtu wa kukaa, kuinuka, na kulegeza ubao usipofaa. Akamwita Mbaruku.

Walilipeleka nyuma, upande wa jikoni, ambako hakuna njia ya watu. Sasa linatazama shamba la zamani la mkonge lililogeuka vichaka, na juu yake milima ya Usambara. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, ukatiwa pazia. Hakuna anayeitwa jina kwa sauti. Nesi humfuata mtu pale alipokaa, akainama.

Wiki ya kwanza ilipita, ya pili, na safu ya rejesta ikabaki ishirini na sita, ishirini na nne. Agripina alishajifunza kungoja.

Jumanne ya mwezi wake wa mwisho kazini, alipochungulia nyuma, alimkuta Shida. Alikuwa mama mtu mzima sasa, mvi mbili tatu chini ya ushungi, na pembeni yake msichana wa miaka kumi na minane aliyekaa amejikunyata kidogo. Shida alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Alisema amemleta mwanawe, Stefania. Agripina alimjua Stefania. Ndiye aliyekuwa ile mimba ya miezi saba.

Shida alipitisha mkono kwenye ubao wa kuegemea, taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe.

"Umelihamisha," alisema.

"Nimelihamisha," alisema Agripina.

Walitazama milima kwa pamoja, na kama kuna mmoja aliyejua kwamba mwenzake anajua, hilo wanalijua wao na Mungu wao.

Ndani, nyuma ya pazia, Agripina alimuuliza Stefania hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwenye kalenda kwa kuwa hakuamini vidole vyake. Zilikuwa wiki nane. Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kuandika namba ya tarakimu moja kwenye safu ile. Viganja vyake viliinuka vyenyewe, vikakaribiana. Akavitazama. Kisha akavishusha juu ya meza, akachukua kalamu, akaandika nane, na akamwambia binti kwa sauti ya watu wawili kwamba amefanya vizuri kuja.

Nje, upande wa barabara, gulio lilikuwa limejaa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama.